Chuma Hakina Mkwe

Mwanangu Zubeda,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua: upo chumba cha pili, unabishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema milima ya Ileje ina baridi isiyo na huruma, wewe unasema begi limejaa. Yangu nayo unaijua, maana kila nikikohoa mnanyamaza kidogo, kisha mnaendelea. Basi hilo tuliruke.

Jua bado halijashuka upande wa Nakonde, na madereva wa malori bado wanagombania foleni pale mpakani. Nimechagua saa hii kwa sababu giza likiingia macho yangu hayanitii, na kwa sababu jana nilijaribu kusema nawe ana kwa ana nikashindwa. Ulikuwa unapiga pasi. Nilisimama mlangoni na maneno yote kichwani, nikaishia kukuuliza kama mkaa unatosha. Ukasema, "Unatosha, baba." Nikaondoka.

Habari za kuchemsha maji, za kuficha sabuni maana haipatikani, za kutokubali kulala nyumba isiyo na komeo, mama yako ameshazimaliza, na zingine amezirudia. Mimi nataka kukuambia habari za rimu.

Kesho asubuhi ukipita uani utaona ule mpera wa jikoni umebaki mtupu. Rimu ya gari iliyokuwa ikining'inia pale nimeiteremsha leo ulipokuwa sokoni. Tangu ukiwa darasa la tatu imekuita kuja kula, imekuita kutoka kwenye mpira wa matambara na watoto wa madereva, imekuita ulipojificha nyuma ya choo na kitabu. Hukuwahi kuuliza ilitoka wapi. Kitu cha nyumbani hakiulizwi. Nimeifunga kwenye gunia pamoja na nondo yake fupi ya kupigia, na kesho itapanda juu ya basi pamoja na begi lako. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Unajua kwamba mimi si mtu wa huku, ingawa sasa hata ndoto zangu nyingi ni za huku. Kwetu Usambara, mtoto anajifunza mteremko kabla hajajifunza kusoma. Baba yangu alikuwa na shamba lililosimama kama ukuta wa nyumba, na kila msimu alikuwa akipanga mawe kuuzuia udongo usimkimbie. Alikuwa akiniambia nilale kifudifudi juu ya kingo, niweke sikio. Sikusikia kitu hata siku moja. Nilikuwa namdanganya kwamba nimesikia, ili tuende nyumbani. Nilipoondoka kufuata kazi za barabara nilidhani nakwenda kwa msimu mmoja. Barabara ikanivuta Morogoro, Iringa, Mbeya, hadi hapa Tunduma inapoishia kwenye kizuizi cha mpaka, na hapa nikamkuta mama yako akiuza karanga kwa watu waliokuwa wakisubiri kuvuka. Kaburi la baba yangu sijaliona. Nimesoma vitabu vingi vya ujenzi tangu hapo, vya kuazima na vya kununua, na kila kitabu kizuri kinanirudisha kulala kifudifudi juu ya ile kingo.

Ukuta wangu wa kwanza wa kuzuia udongo niliujenga Vwawa, nyuma ya ghala. Ulikuwa mzuri kuutazama. Mawe yamekaa kama meno, saruji imejaa kila pengo, hata mjusi asingepata pa kupita. Watu walinisifu, nami nikasifika. Masika ya kwanza ukaanza kutoa tumbo, kila asubuhi limeongezeka kidogo, mpaka mafundi wenzangu wakawa wananiuliza mimba ina miezi mingapi. Sikuwa nimeacha matundu ya kutolea maji. Nilikuwa nimepigana na udongo, kumbe adui alikuwa maji yaliyojificha nyuma ya udongo. Ulianguka siku ya gulio, saa ambayo wachuuzi walikuwa upande wa pili wa ghala. Hakuumia mtu, kwa bahati tu, si kwa akili yangu.

Haya ya maji chuoni wamekufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Kokoto nyuma ya ukuta, matundu chini, mfereji wa kukinga juu ya kingo. Nilipoona michoro yako nilifurahi nikanyamaza, kama kawaida yangu. Kwa hiyo sikuandikii jinsi ya kujenga ukuta usianguke. Nakuandikia kuhusu watu wanaosimama kati ya kingo na ukuta kabla ukuta haujakamilika. Ukuta wa mawe ukishamalizika ni mlinzi. Ukiwa nusu, ni shimo refu lenye watu ndani na mlima juu yao.

Ulikuwa darasa la tatu nilipoitwa kijiji kimoja milimani juu ya Isongole. Watu walikuwa wamehamia pamoja, nyumba mpya, njia mpya, na walitaka shule. Mahali pa kujenga palikuwa mteremko tu, kwa hiyo waliukata mlima kama anavyokata mtu mkate, madarasa yakae kwenye sakafu ya mkato, na nyuma yake ikabaki kingo mbichi ya udongo mwekundu, juu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Mimi nilipaswa kuijengea ukuta. Saruji haikuwepo. Mawe yalikuwepo, na watu walikuwepo, wengi ajabu, wake kwa waume, kila kaya ilileta mikono.

Nikupe picha ya watu hao, maana ndio utakaokutana nao, au watoto wao. Walikuwa hodari na wenye utani. Aliyewazidi wote kwa utani alikuwa Mzee Kibona, mtu mfupi mwenye kifua kipana, ambaye alikuwa akichimba tangu kucha hakujafikiriwa mpaka kuchwa. Siku ya kwanza aliponiona nikining'iniza timazi alisema kwa sauti, "Jamani, huyu fundi hata ugali wa mkewe anaupima!"

"Nikiupima nakuta umepinda," nikamjibu.

"Basi mwoe Mndali. Wetu hukaa wima."

Wanawake waliokuwa wakishusha mawe wakacheka, isipokuwa mmoja aliyegeuka akatazama kando. Aliitwa Atupele, alikuwa ameolewa na mtoto wa Mzee Kibona. Niliona kwamba hacheki, nikadhani ni mtu mwenye haya tu. Mimi niliyekuwa nikijisifu kwamba naweza kusoma mlima.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Wageni walikuwa wanakuja kuifungua shule, naye alitaka wakute ukuta umenyanyuka. Alikuwa na hoja, na nisingependa umwone kama mtu mbaya. "Fundi," aliniambia, "watu hawa wako hapa leo. Ukiwaambia wachimbe kipande, wengine wakae, waliokaa wataondoka kwenda mashambani, na kesho sitawapata. Wape wote kazi." Nilijua kwamba mguu wa kingo hauchimbwi wote kwa mara moja. Unachimba kipande, unajenga hapo mpaka juu, unaacha udongo wa kando umesimama kama nguzo, ndipo unahamia kipande kingine. Nilijua. Lakini niliwatazama watu wale waliokuja na majembe yao na nyimbo zao, nikaona haya kuwaambia kaeni. Nikawapanga mstari mzima.

Usiku mvua ikanyesha kidogo, ya kulowesha vumbi tu. Asubuhi udongo ulikuwa laini, unachimbika bila kubisha, na kila mtu alifurahi. Udongo unaochimbika kwa urahisi ndio wa kuogopa, mama. Lakini nami nilifurahi. Tena waliokuwa juu walikuwa wakimwaga udongo na mawe ukingoni palepale, kwa sababu ndipo pa karibu, na mimi niliona mlima mdogo ukiota juu ya mlima mkubwa nikasema nitauondoa mchana.

Hata hivyo sikuwa mjinga kabisa. Nilijua lazima awepo mtu wa kutazama juu ya kingo, asifanye kazi nyingine, atazame ufa tu. Nikatafuta mwenye macho makali na asiyependa soga, nikamchagua Atupele. Nilimwonyesha: "Ufa unaanzia hapa, nyuma ya ukingo, mwembamba kama uzi. Ukiuona, mwite aliye chini yake atoke. Umesikia?"

Akapiga magoti, akainamisha kichwa, hakusema neno. Nikachukua kimya chake kuwa ndiyo.

Kimya chake kilikuwa hapana. Aliyekuwa chini ya sehemu ile alikuwa Mzee Kibona, baba mkwe wake. Huko milimani, mwanamke hamtaji mkwe wake kwa jina, hasemi naye, hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani anapita kando porini mpaka mzee apite. Na mzee naye, hili ndilo sikulijua hata baada ya miaka ya kuishi jirani nao, mzee naye ana wajibu. Akihisi mkwe yuko karibu, anageuza uso ili asimtie aibu. Ni heshima ya pande mbili. Niliwaweka mmoja juu ya mwenzake, nikamwambia mmoja amwite mwingine, nikaenda zangu kupanga mawe upande wa pili.

Mtu yeyote pale angeniambia kama ningeuliza. Sikuuliza.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wengi, na Atupele mwenyewe akamsimulia mama yako baadaye. Aliuona ufa. Haukuwa uzi, ulikuwa tayari kamba. Alitazama kulia na kushoto akitafuta mtu mwingine wa kuita, mtoto, mama mkwe, yeyote. Waliokuwa wakichimba na kumwaga udongo karibu walikuwa wamekwenda kubeba mawe; wote walikuwa mbali, wakiimba. Mdomo wake ulifunguka na sauti haikutoka. Akafanya lililobaki. Akaokota bonge la udongo akalitupa shimoni, mbele ya miguu ya mzee.

Mzee Kibona aliona bonge limeanguka. Alijua nani yuko juu. Na kwa kuwa alijua, hakuinua macho. Akageuza uso wake akaelekeza kwenye kingo, kama mtu mwenye adabu, akaendelea kuchimba.

Atupele akatupa la pili. Hilo lilimpata begani. Sasa mzee akasimama wima, akashangaa, akaanza kurudi nyuma huku bado hajatazama juu. Hatua hizo za kurudi nyuma ndizo zilizomwokoa roho. Kingo ilishuka. Haikunguruma kama wanavyosema watu. Ilitoa sauti kama ya mtu anayeketi chini kwa uchovu. Ilimfukia hadi kifuani na kumkandamiza mguu wa kulia kwenye mawe ya msingi.

Tulichimba kwa mikono, maana sururu ingeweza kumkata. Nakumbuka nilikuwa naomba kwa Kishambaa, lugha ambayo sikuwa nimeitamka kwa miaka. Kabla hatujaanza, niliwazuia vijana waliotaka kuruka shimoni wote, nikamweka mtu juu kutazama kilichobaki. Hilo tu ndilo nililofanya sawasawa siku ile, na nililifanya huku watu wakinitukana. Aliyefukiwa anawavuta wengine. Wengi hufia hapo, kwa huruma yao. Kumbuka hilo hata kama utasahau mengine yote.

Mzee aliishi. Mguu haukunyooka tena.

Jioni wanaukoo walikaa. Nilidhani wananijadili mimi, nikajiandaa. Nilistahili. Kumbe hawakuwa wakinijadili hata kidogo. Walikuwa wakimjadili Atupele. Amemrushia udongo mkwe wake, mbele ya watu, na bonge moja limempata mwilini. Wapo waliosema maporomoko yenyewe yalitokana na utovu huo wa adabu. Shangazi mmoja wa ukoo alisema arudishwe kwao. Yule binti alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, hali, hanywi, na mumewe hakuthubutu kumfuata.

Niliomba kusema. Nikasema kosa ni langu, nilimpanga mahali pasipopangwa mtu. Mzee mmoja akanijibu kwa upole, "Fundi, wewe ni mgeni. Mgeni hakosi, hupotea tu." Nilikuwa nimeishi jirani nao miaka mingi, nina mke wa huku na mtoto wa darasa la tatu. Neno lile liliniuma kuliko matusi.

Aliyelimaliza ni Mzee Kibona. Alikuwa amelala mkekani, mguu umefungwa vijiti, jasho linamtoka. Hakuwa na ruhusa ya kusema na mkwe wake, kwa hiyo alisema na mkewe kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya nyumba.

"Mama fulani! Mwambie huyo mtoto wa watu ale. Bonge la kwanza lilikuwa salamu, mimi nikajifanya sijasikia. La pili lilikuwa mwito. Nani kati yenu aliniita? Mlikuwa mnaimba."

Kisha akaongeza, "Tena mwambie analenga vibaya. La kwanza lingenipata kichwani tungekuwa tumeshakula."

Watu wakacheka, wengine huku wanalia. Nyuma ya nyumba tukasikia kilio, kile cha mtu aliyeruhusiwa kulia. Hakurudishwa kwao.

Kazi ilisimama. Mwenyekiti alinijia, mnyonge, akasema wageni ameshawaambia wasije kwanza. Nikashuka nikarudi Tunduma, na njia nzima nilikuwa nikiwaza mtu anawezaje kumwita asiyeruhusiwa kumwita. Nilifikiria kuwatenganisha, kupanga wakwe mbali na wakwe. Lakini kijiji kile wote ni wakwe wa wenzao, ungehitaji mlima mwingine. Nilifikiria kuwaambia waiache desturi kwa muda. Aliyesema wakae bila heshima kwa muda hajaishi na watu. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kwa fundi wa magari pale karibu na stendi, mtoto wa dukani akawa anacheza kwa kugonga rimu mbovu kwa nondo. Kila dereva aligeuka. Hakumtaja mtu, na wote waligeuka.

Niliinunua rimu ile, nikaibeba mpaka kijijini. Tuliitundika juu ya kingo kwenye mti mfupi, na Mzee Kibona aliletwa kwa kubebwa akakalishwa mbali kidogo, amegeuza mgongo kama ipasavyo, ili kazi ianze mbele yake. Nilitangaza: yeyote aliye juu, mwanamke au mtoto au mwendawazimu, akiona asichokipenda apige. Ikilia, wote watoke, bila kuuliza, kupitia ngazi iliyo karibu. Ngazi ziwe mbili, kila mwisho wa shimo moja. Mtu mmoja akauliza, "Na kama mpigaji ni mke wa mwanangu?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma, ya mtu aliyegeuza mgongo: "Chuma hakina mkwe."

Nikamwomba Atupele arudi kutazama. Alipiga magoti, akainamisha kichwa. Safari hii nilipiga magoti pia, nikamwambia, "Dada, nambie kwa mdomo. Utaweza?" Akasema taratibu, "Hiyo nitaweza."

Siku hiyohiyo aliipiga. Wanaume wakatoka mbio, wametoa macho. Kilichokuwepo ni vijiwe vichache vilivyobingirika, pengine kwa mguu wa mbuzi. Mmoja akaanza kunung'unika kwamba wanawake wataipiga mpaka masika. Mzee Kibona akamkata: "Wewe rudi shimoni kimya. Mimi ningekuwa na mguu ningecheza ngoma kwa hiyo kengele." Nami nikamshukuru Atupele mbele ya wote. Nakuomba hili, mwanangu, nakuomba kwa dhati: siku utakayomkaripia aliyepiga bure, umeikata ulimi kengele yako. Hatapiga tena mpaka awe na hakika, na mtu mwenye hakika huwa amechelewa.

Tulichimba kipande kwa kipande. Udongo tuliupeleka mbali na ukingo, hata kama njia ilikuwa ndefu, na mwenyekiti mwenyewe alibeba karai. Ilipokaribia mwisho, mvua kubwa ikapiga mchana, tukasubiri ikatike, tukaingia, na kabla ya wimbo wa pili rimu ikalia. Walitoka wote. Walisimama wakitazama shimo tupu, wengine walishaanza kutabasamu kwa dharau. Kingo ikakaa chini. Ile sauti ya uchovu. Shimo likajaa.

Kijana mmoja akasema: "Sururu yangu imo humo."

"Iwekee matanga," akasema Mzee Kibona.

Ukuta ule unasimama. Utauona ukipita. Umeegemea mlima kidogo, mawe marefu yameingia ndani yakaushika udongo kama vidole, na matundu yake hutoa maji masika yote. Shule ilipofunguliwa walipata kipande cha reli cha kupigia kengele, na mzee akaagiza nirudishiwe rimu yangu. "Huko aendako fundi," alisema, "nako kuna wakwe." Alifariki mwaka juzi. Sikumaliza kumwomba radhi, maana kila nilipoanza aliniuliza kama ugali umenyooka.

Sasa wewe. Umepangiwa ukuta wa nyuma ya zahanati, milima ileile, na mvua haziko mbali. Chini yako kutakuwa na wanaume wa umri wangu. Nimekuwa nikikutazama wiki hii na nikaona kazi tuliyoifanya mimi na mama yako. Tumekulea uwe na sauti ndogo. Mgeni akiingia unapiga magoti, mzee akizungumza unatazama chini, na watu wa mtaani wanatusifu kwa malezi. Sijutii. Lakini kuna jambo moja ambalo sikulifikiria nilipokuwa nikikukanya usipige kelele uani: kwamba siku moja kelele yako ndiyo itakayokuwa kati ya mtu na mlima. Nimekuona ukitaka kumwambia jirani kwamba mtoto wake anachezea bati lenye ncha. Ulianza na shikamoo, ukauliza habari za nyumbani, mtoto akawa ameshajikata. Ulikuwa umefanya kila kitu sawasawa.

Kingo haisubiri uitikiwe shikamoo.

Basi wape heshima yao yote asubuhi. Uliza nani ni mkwe wa nani, kaa na wanawake, watakwambia mapema kuliko wanaume. Mtu akikujibu kwa kimya, usiondoke mpaka ujue ni kimya gani. Panda juu ya kingo mwenyewe kila siku kabla mtu hajashuka, na baada ya mvua panda tena. Miti inayoanza kuinama, vijiwe vinavyoanguka bila kuguswa, maji yaliyotokea pasipokuwa na maji, hayo yaamini kuliko neno la mtu yeyote mwenye haraka, nikiwemo mimi. Wavunja mawe wafumbe macho wanapopiga nyundo au wageuze uso. Hili jicho langu la kushoto lilipata chembe moja tu. Na ukiona watu wengi wamekuja kwa moyo, na huna pa kuwaweka kwa usalama, waambie wakae. Kuona haya ni jambo la jioni moja.

Wakisema wewe ni mtoto, piga. Wakisema wewe ni mwanamke, piga. Ikitokea mimi mwenyewe nimekuja kukutembelea, nimesimama shimoni nakueleza jinsi tulivyofanya zamani, na umeona kitu usichokipenda, usiniite baba. Piga.

Mama yako amegundua mpera mtupu sasa hivi. Nimemsikia akiuliza atawaitaje wadogo zako kula. Nimemjibu kwamba ana mdomo. Akasema, "Hao hawaitwi, hao wako jikoni kabla ya sufuria. Ilikuwa ya Zubeda ile."

Sikulijua hilo. Miaka yote nilidhani inaita nyumba nzima.

Ukifika, itundike kabla ya kitu kingine chochote, uipige mara moja watu waizoee sauti yake. Huku hatutaisikia. Lakini saa ya chakula, nijuavyo mimi, nitageuza kichwa.

Ni mimi,
Baba yako